Mikono ya Fundi Ogeto

Nyinyi mnaojifunza kushona hapa kibarazani, mnaoniita bibi kwa Kigusii, mmeniuliza mara nyingi: Magokoro, unawezaje kutunga uzi kwenye sindano huku unaongea na mteja na macho yako yako barabarani? Nimekuwa nikiwacheka tu. Sasa nimestaafu, na macho yenyewe yameanza kuona sindano mbili mahali pa moja, kwa hiyo wacha niwajibu. Nilijifunza nikiwa mtoto wa darasa la pili, kwa sababu mikono ya baba yangu ilikuwa inatetemeka.

Hapa Kebirigo watu walimwita Fundi Ogeto. Sisi nyumbani tulimwita Tata, kama Wagusii wanavyowaita baba zao. Asubuhi, kabla ya kunywa kitu, hakuweza kupitisha uzi hata kwenye sindano ya kushonea magunia. Basi aliniita, "Kemunto, njoo unitungie." Nilitunga sindano ya cherehani, halafu nikatunga za mkono na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji kilichokaa kando ya pasi ya makaa, ili asikwame nikiwa shuleni. Nilifika darasani nikiwa na vidole vinavyonuka mafuta ya cherehani, na nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani kila baba ana mtoto wa kumtungia uzi.

Msidhani nawasimulia habari za mtu asiyejua kazi. Tata alikuwa fundi. Mteja akishuka tu kwenye gari, kabla hajavuka barabara, Tata alikuwa amekwisha kujua kiuno chake na bega gani limeshuka. Haya ninayowafundisha mimi, mengi ni yake. Kitambaa cha pamba ukiloweke kwanza na kukianika, kinywee kikiwa mikononi mwako, kisije kikanywea mwilini mwa mteja. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi hata siku moja. Kola ya shati hupigwa pasi kutoka ncha kwenda katikati, la sivyo inajikunja kama sikio la mbwa. Na kila kitambaa kina uso na mgongo. Usipovijua vyote viwili, kitakuaibisha. Alinifundisha hayo katika zile saa chache za asubuhi, baada ya bilauri ya kwanza kuituliza mikono na kabla ya zilizofuata kumchukua mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu, na mpaka leo namshukuru kwa kila moja.

Bilauri hizo alizifuata bondeni, nyuma ya soko, kwa mama mmoja aliyepika pombe ya chang'aa karibu na kijito. Mchana alisema anakwenda kunyoosha mgongo. Mgongo wa fundi huuma kweli, mtakuja kuona, lakini wa Tata ulinyooshwa zaidi ya migongo yote ya Nyamira.

Wateja walikuja, na mimi, nikitoka shule, ndiye niliyekuwa kibarazani. "Baba yako yuko wapi?" Mama alikuwa amenionya nisimwambie mtu, kwa hiyo nilijibu, "Ameenda Kisii kununua vifungo." Uongo huo niliutunga siku moja nikiwa na haraka, ukafanya kazi, nikaendelea nao. Ukifuata maneno yangu, Tata alinunua vifungo vya kufunga mashati ya Kenya nzima na vingine vikabaki. Siku moja mzee mmoja aliyengoja suruali yake kwa wiki nyingi akanitazama usoni. "Mwanangu," akasema, "suruali yangu ni ya zipu."

Mnacheka. Mimi pia nacheka siku hizi. Wakati ule nilitamani kujificha chini ya meza.

Nyumbani tulikuwa sisi wawili, mimi na kaka yangu mdogo Nyakundi, pamoja na mama. Mama alikuwa mtu wa kanisa, Msabato wa kweli, na kila Sabato akiulizwa habari za mumewe alijibu kwamba ana malaria. Malaria ya Tata ilidumu miaka. Jua likianza kuinama nyuma ya migomba, sote watatu tulinyamaza na kusikiliza njia. Kama Tata alikuja akiimba wimbo wa kanisa kwa ile sauti yake nzito, tulijua ni siku nzuri. Huenda amebeba mandazi kwenye gazeti, huenda atamwita mama kwa jina lake la usichana. Tulichoogopa ni kimya. Akija kimya, mama alisema haraka, "Kemunto, kateke maji," hata kama mitungi imejaa pomoni, nami nilijua maana yake. Nilimshika Nyakundi mkono tukapita mlango wa jikoni mpaka kwenye migomba.

Si kila mara tuliwahi. Nyakundi ndiye aliyepigwa zaidi. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu alifanana sana na Tata, pengine kwa sababu alikuwa mcheshi na alijaribu kumchekesha siku ambazo hazikutaka kicheko. Baada ya muda akaacha ucheshi. Akawa mtoto anayekaa karibu na mlango, popote alipo. Hata kanisani alikaa karibu na mlango.

Mambo haya hayaishi siku unapoondoka nyumbani. Nilipoolewa na Makori, nilipata mume mpole, mtu wa kiwanda cha chai, asiyejua hata harufu ya pombe. Lakini Makori ni mtu wa maneno machache. Alitoka zamu amechoka, akaingia kimyakimya, akavua gambuti mlangoni, akakaa. Mimi niliwachukua watoto haraka na kuwapeleka jikoni, nikafunga mlango. Nilifanya hivyo muda mrefu bila kujua kwamba nafanya hivyo. Siku moja akaja akagonga mlango wa jikoni kwake mwenyewe, kama mgeni.

"Kemunto," akasema, "nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Basi mbona watoto wangu wananikimbia?"

Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, kuanzia sindano za asubuhi. Tangu siku ile, akifika penye ua wa miti ya chai, Makori hupiga mluzi. Mluzi wake ni mbaya, hauna wimbo, hata ndege wanaruka. Ni miaka mingi sasa na bado anapiga. Mungu ambariki mtu huyo.

Mtu mwingine ninayetaka mumjue ni Mama Kwamboka. Cherehani yake ilikuwa kwenye kibaraza cha pili kutoka chetu. Alikuwa mama wa Kikatoliki kutoka upande wa Manga, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mpaka stendi, na alishona sare za shule tu. "Sare haina fasheni," alisema, "na mtoto hukua kila mwaka. Kazi haiishi." Ndiye aliyenifundisha kuacha upindo mpana kwenye sketi ya shule, ili mzazi aushushe mtoto akirefuka. Ndiye pia aliyenifundisha kwamba sare ya mtoto hupimwa na kuongezwa kidogo, maana mama yeyote atakwambia, "Iwe kubwa, ataijaza."

Kila nilipotoka shule swali lake lilikuwa moja: "Umekula?" Hakuuliza kuhusu Tata. Aliweka ugali wa wimbi na mboga za chinsaga kwenye sahani ya bati akasema wamepika nyingi kwake, zitaharibika. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba hakuna mama wa Kebirigo anayepika mboga nyingi kupita kiasi kila siku ya juma. Chinsaga ni chungu, mnajua. Na mpaka leo nikila naona utamu.

Siku moja alinisikia nikimwambia mteja habari za vifungo. Alingoja mteja aende, akaniita.

"Kila siku unamtilia baba yako kiraka," akasema. "Unajua kitambaa cha kiraka kinatoka wapi?"

"Hapana."

"Kinatoka kwenye nguo yako wewe. Utabaki uchi, mtoto."

Nikakasirika. Nikaona huyu mama wa Kikatoliki anataka kutuaibisha sisi Wasabato. Sikula chakula chake siku hiyo, na kesho yake njaa ikanirudisha.

Sasa niwaambie habari ya mikono ya kwaya, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Kanisa letu lilikuwa linajiandaa kwa makambi, ile mikutano mikubwa ya mwezi wa nane, na kwaya ilitaka kanzu mpya. Mwalimu wa kwaya alikuwa mama mrefu, mkali wa sauti lakini si mkali wa moyo. Alijua Tata anakunywa. Alijua pia kwamba hakuna mwingine katika soko zima anayeweza kukata kanzu ikaanguka vizuri mgongoni. Akamletea satini ya kijani. Satini mnaijua: uso wake unang'aa, mgongo wake umefifia. Huwezi kuigeuza ukasema hakuna atakayeona. Kipofu ataona.

Tata alianza vizuri. Juma zima la kwanza hakwenda bondeni mpaka jioni, na miili ya kanzu aliikata vizuri mno. Nikaanza kuomba kwa matumaini. Halafu siku moja nilitoka shuleni nikakuta kibaraza hakina mtu. Mikono ya kanzu yote ilikuwa imekatwa na kupangwa mezani kama majani ya mgomba. Tata alikuwa nyuma ya pazia, amelala juu ya mabaki ya vitambaa, mkasi bado umo mkononi.

Mama Kwamboka alikuja kuazima chaki. Akachukua mkono mmoja wa kanzu, akaulaza juu ya mwingine. Akachukua wa tatu.

"Kemunto," akasema, "hebu nipe mkono wa kulia."

Nikatafuta. Nikapekua rundo lote, kutoka juu mpaka chini, nikarudia. Mkono wa kushoto. Wa kushoto. Wa kushoto. Alikuwa amelaza kitambaa uso juu na kukata, akalaza tena uso juu na kukata, hakukikunja hata mara moja. Kwaya nzima ilikuwa na mikono ya kushoto tu.

Mama Kwamboka alianza kucheka kabla yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Ogeto!" akasema. "Amewashonea malaika mabawa ya upande mmoja! Wataruka wakizunguka!" Mimi nilikuwa nalia. Tulikuwa hivyo, mmoja anacheka na mwingine analia, mwalimu wa kwaya alipotokea mbele ya kibaraza na mkoba wake kwapani.

"Baba yako yuko wapi?"

Vifungo vya Kisii vilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Niliwahi hata kusema, "Ameenda..." Nikamtazama Mama Kwamboka. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza, alinitazama tu. Nami nikachoka. Sijui niwaelezeje. Nilichoka ghafla, kama mtu aliyebeba kuni mlima mzima na sasa shingo imekataa.

"Yuko hapo nyuma, mwalimu," nikasema. "Amelala. Amelewa. Na mikono ameiharibu yote."

Nilingoja ardhi ipasuke. Mwalimu aliweka mkoba wake juu ya meza.

"Najua, mwanangu," akasema. "Sote tunajua. Tumekuwa tukingoja mmoja wenu aseme, ndipo tuingie."

Mnaelewa neno hilo? Soko zima lilijua. Kanisa zima lilijua. Mimi nilikuwa nimenunua vifungo miaka yote ile kuficha kitu ambacho hata mbwa wa stendi walikijua. Nilikasirika, halafu nikajisikia mwepesi, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mama Kwamboka ndiye aliyeziokoa kanzu. Alitandaza mkono mmoja mezani, akautazama akiwa ameinamisha kichwa. Mikono ya kanzu za kwaya ni mirefu na mipana mpaka chini, si kama ya shati. Basi akasema kila mwimbaji ana mikono miwili ya kushoto. Mmoja tuufupishe ubaki wa kushoto. Wa pili tuuondoe kichwa chake kile kinachoshonewa begani, tushuke chini kidogo penye kitambaa kizima, tuchonge kichwa kipya kinachotazama upande wa pili. Utakuwa wa kulia. Utakuwa mfupi, lakini utakuwa wa kulia. Mbinu hiyo naomba muikumbuke: ukikosea kitambaa kikubwa, usikitupe, tafuta nguo ndogo ndani yake. Tulishona pamoja, Mama Kwamboka, mwalimu wa kwaya ambaye hakujua kukanyaga cherehani lakini alijua kupiga pasi, na mimi, kila siku baada ya shule mpaka ikaisha.

Makambi yalikuwa juu kilimani, na mwezi wa nane kule kuna upepo unaokata. Kwaya yetu iliimba na mikono mifupi ya kijani, viwiko nje, ngozi imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Baadhi ya wake za wazee walinong'ona kuhusu viwiko. Lakini waliimba jamani! Mwalimu alisema baridi iliwafanya waimbe haraka na kwa bidii. Na mwaka uliofuata kwaya mbili za jirani zilikuja na mikono mifupi, wakidhani ni mtindo wa Nairobi.

Lakini kanzu zilipokwisha, kabla ya makambi, mwalimu wa kwaya alikuwa amekwenda kumwona mama. Nilikuwepo. Mama alikuwa uani anapukuchua maharagwe. Mwalimu aliketi chini kando yake, akachukua maganda naye akaanza kupukuchua. Baada ya muda akasema, "Dada, tuache habari za malaria." Mama aliendelea kupukuchua. Machozi yalimdondoka juu ya maharagwe na hakuyafuta. Kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema: "Namwogopea Nyakundi. Mtoto ameacha kucheka."

Juma hilo mama alitupeleka kwao, Manga. Msidhani ilikuwa rahisi. Mjomba wetu alisema mwanamke aliyeolewa hana kitanda kwa baba yake. Bibi yetu, mama yake mama, alimjibu bila kuinua macho kwenye chungu, "Basi atalala kwenye changu. Lete kuni." Mambo yakaishia hapo. Nyakundi alilala usingizi kule Manga. Alilala mpaka tukaogopa, tukadhani ni mgonjwa. Baada ya miezi alianza kuiga sauti ya jogoo wa jirani, na mama alipomsikia alitoka jikoni akasimama, mwiko mkononi, akimsikiliza.

Mimi nilipomaliza darasa la nane nilirudi Kebirigo, nikakaa kwa Mama Kwamboka kujifunza kazi. Hakuwahi kunifanya nijione mtoto wa kuokotwa. Nilipomshonea mwalimu mmoja suruali yenye zipu iliyotazama nyuma, alinifokea mbele ya watu wote kama alivyomfokea Kwamboka, mtoto wake mwenyewe. Niliona raha. Kufokewa na mtu asiye mlevi ni raha, kwa sababu unajua kosa ni lipi, na unajua likirekebishwa yamekwisha.

Na Tata? Tata alibaki peke yake na bonde lake. Nilimwona sokoni, wakati mwingine nikamsalimia, wakati mwingine nikapita upande wa pili. Wachuma chai walimkuta asubuhi moja mtaroni kwenye shamba, hajitambui, wakambeba kwa zamu mpaka barabarani. Aliishia hospitalini Kisii. Mama akatoka Manga kwenda kumwona, nami nikamsindikiza. Tata alikuwa amekonda, macho ya manjano. Alipomwona mama aligeukia ukuta.

"Umekuja kunirudisha nyumbani?" akauliza ukuta.

"Hapana," mama akasema. "Nimekuja kukuona tu."

Akakaa. Akammenyea ndizi. Tata akala akiwa bado ameuelekea ukuta.

Muuguzi alituambia jambo ambalo nawaomba mlishike. Mtu aliyekunywa miaka mingi msimfungie chumbani eti aache kwa nguvu. Anaweza kupata degedege na kufa. Alisema mwili wake umezoea, na kuutoa huko kunahitaji daktari. Nilikuwa nimemchukia Tata kwa mikono ile inayotetemeka. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nikikitungia uzi kila asubuhi kilikuwa ugonjwa. Kuelewa hakukufuta fimbo za Nyakundi. Lakini kulinipunguzia mzigo mmoja: haikuwa kwa sababu sisi tulikuwa watoto wabaya.

Alitoka, akajiunga na wanaume wengine waliokuwa wanaacha pombe, waliokutana kila juma kwenye zahanati. Akarudia kunywa. Akaacha. Akarudia tena, na mara hiyo alikwenda mwenyewe zahanati, kwa miguu, mvua inanyesha, akawaambia, "Nimeanguka, nipokeeni." Baada ya hapo hakunywa tena. Mama alirudi, lakini hakukimbilia. Alikaa Manga misimu kadhaa akimtazama kwa mbali, kama mtu anayengoja kuona kama kitambaa kitachuja rangi.

Kibarazani kwangu Tata alikuja asubuhi moja, nikiwa na cherehani yangu mwenyewe kando ya Mama Kwamboka. Alisimama pale wanaposimama wateja, kofia mkononi.

"Fundi," akasema. Hakuniita Kemunto. "Una kazi?"

"Kazi gani, Tata?"

"Yoyote. Hata vifungo. Nasikia nilikuwa nasafiri mpaka Kisii kwa ajili yake."

Mama Kwamboka aliangua kicheko cha kusikika stendi. Mimi nilicheka, halafu nikalazimika kuingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Nilimpa vifungo. Mikono bado ilitetemeka kidogo, haikupona kabisa, na asubuhi mimi ndiye niliyemtungia uzi. Lakini taratibu ikatulia. Hiki kifungo cha koti mnachonisifia, chenye shingo ndogo ya uzi chini yake ili kitambaa kisivutwe, ni Tata aliyenifundisha katika miaka ile. Tulifanya kazi meza moja mpaka alipofariki, na ilikuwa miaka mizuri. Wengi hawapati. Najua watu wema kuliko mimi ambao baba zao hawakurudi kutoka bondeni, na wao kama watoto hawakukosea kitu. Kwa hiyo sisemi niliistahili miaka hiyo. Nashukuru tu.

Mwaka jana mmoja wenu, simtaji, alikuwa akichelewa kila siku, na kila siku mama yake alikuwa ama anaumwa kichwa, ama tumbo, ama ameenda matangani. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamuuliza kama amekula. Anajua yaliyofuata. Nyinyi wengine, kama nyumbani mnasikiliza njia jioni, tafuteni mtu mzima mmoja mumwambie. Mmoja tu. Pengine anajua tayari, anangoja mlango ufunguliwe.

Nimalizie na Nyakundi, wakati Tata yungali hai. Alikuwa dereva wa lori Eldoret, mtu mkubwa, mabega kama mlango. Alikuja kwangu kila likizo, lakini alichungulia kwanza. Akimwona Tata kibarazani alikwenda kunywa chai hotelini mpaka Tata aende. Hawakugombana. Hawakuongea tu. Halafu akapata mchumba, akaja kutaka suti ya arusi.

"Mimi nashona nguo za wanawake na sare," nikamwambia. "Makoti ni ya Tata. Unajua."

Aliangalia barabara kwa muda mrefu. Kisha akaingia.

Tata alisimama na tepe shingoni. "Naweza?" akamuuliza mwanawe. Nyakundi akaitikia kwa kichwa, akainua mikono. Kupima kifua cha mwanamume lazima umzungushie mikono yako yote miwili, hakuna njia nyingine. Tepe ilipopita nyuma ya mgongo, mabega ya Nyakundi yalipanda mpaka masikioni, akafumba macho. Tata akasimama hapohapo. Hakuondoa mikono, hakuvuta. Alingoja. Mabega yakashuka polepole. Ndipo alipokutanisha tepe mbele, akasoma namba kwa sauti ndogo, nami nikaandika kwa chaki juu ya meza.

Alipoanza kuikunja tepe, Nyakundi alikuwa bado hajateremsha mikono.

"Pima tena, Tata," akasema. "Pengine umekosea."

Tata hakuwa amekosea. Lakini alifungua tepe, akamzungushia mikono tena, na safari hii hakuharakisha.